Mtu aliyeleta mkonge: maisha ya Dk. Richard Hindorf

Ukitoka Segera kwa basi kuelekea Korogwe, na ukaendelea hadi Mombo, kitu kimoja hakikuachi dirishani: mkonge. Mistari iliyonyooka, majani yaliyosimama kama mikuki, na hapa na pale mlingoti uliochomoza juu kuliko paa la nyumba. Ukiingia Handeni mashamba makubwa yanapungua, lakini mkonge haupotei. Utauona kwenye mipaka ya mashamba ya mahindi, utauona umepandwa kuzuia mbuzi wa jirani, na milingoti yake utaikuta imesimamisha mabanda.

Sisi watu wa mkoa wa Tanga tumeufanya mkonge kuwa kitambulisho chetu. Ukitaja mkonge Tanzania, anayesikiliza anafikiri Tanga, na ukitaja Tanga anafikiri mkonge. Tanga mjini kuna hoteli yenye jina hilo, na Bodi ya Mkonge ina makao yake huko. Wengi wetu, tukiulizwa zao hili lilitoka wapi, tunajibu kwamba ni la kwetu tangu na tangu, kama muhogo. Ajabu ni kwamba muhogo nao haukuwa wa kwetu, ulitoka Amerika, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, si bwana shamba. Nilivutwa kwenye jambo hili na swali la mwanafunzi wa kidato cha pili, tulipokuwa tukizungumzia vita vya Abushiri. Aliuliza kwamba kama mkonge ni mali ya babu zetu, imekuwaje mashamba yote ya zamani yana historia ya Wajerumani, Wagiriki na Waingereza? Swali hilo haliwezi kujibiwa bila kumtaja mtu mmoja ambaye watu wa mkonge duniani kote wanamjua kwa jina, na watoto wa Korogwe wanaoishi katikati ya kazi yake hawajawahi kumsikia. Anaitwa Dk. Richard Hindorf.

Hindorf alizaliwa Ujerumani mwaka 1863. Huo udaktari wake haukuwa wa sindano na vidonge bali wa elimu ya kilimo. Alikuwa bado hajatimiza miaka 30 alipokuwa akifanya kazi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kijerumani, DOAG. Hapa ndugu msomaji ni lazima tusimame kidogo, kwa sababu huwezi kumfahamu mtu huyu bila kuifahamu kampuni iliyomlipa mshahara.

Mwezi Agosti 1888 kampuni hiyo ilikuja kuchukua utawala wa miji ya pwani kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Zanzibar. Pangani ofisa wake, Emil von Zelewski, alifanya jeuri ambayo wazee wa huko waliisimulia kwa vizazi, na miongoni mwake ni kuingia msikitini na viatu na mbwa. Watu wakainuka. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza mapambano Pangani, na huku upande wa Uzigua, Bwana Heri wa Saadani akapambana kivyake. Kampuni ilishindwa, ikabidi serikali ya Ujerumani imlete Wissmann na askari wa kukodi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890.

Miaka mitatu tu baada ya kitanzi hicho, Hindorf anaingia kwenye hadithi yetu. Kampuni ilikuwa imepata ardhi, lakini haikuwa na la kufanya nayo. Milimani Usambara walikuwa wanajaribu kahawa. Ila ukanda wa chini, wenye jua kali na mvua isiyoaminika, ulikuwa unawashinda. Hindorf alitakiwa atafute zao litakalostahimili hali hiyo na kuuzika Ulaya. Mwaka 1892 alisoma, katika jarida la bustani ya mimea ya Kew kule London, taarifa ya mmea wa nyuzi uliokuwa ukiitajirisha rasi ya Yucatan nchini Meksiko. Alipolinganisha hali ya hewa ya huko na ya huku, akaona zinafanana.

Kwa nini Yucatan ilikuwa inatajirika? Wakulima wa ngano wa Marekani walikuwa wameanza kutumia mashine zinazovuna na kufunga ngano matita zenyewe. Kila tita lilihitaji kamba, na kamba ya waya ilileta taabu, kwani vipande vyake vilikuwa vikiingia kwenye chakula cha mifugo. Nyuzi za mimea ndizo zilizofaa. Kwa hiyo mkate wa mtu wa Chicago ulikuwa umefungwa na kamba ya Meksiko, na wenye mashamba wa Meksiko walijua thamani ya walichonacho. Hawakuwa tayari kumpa mtu mwingine mbegu ili kesho awe mshindani wao.

Hindorf hakuzuilika. Aligundua kwamba mmea huo unapatikana pia Florida, Marekani, na huko hakuna aliyekataza kuuuza.

Ulifikaje Florida? Hapa ndipo mambo yanapozidi kushangaza. Miaka ya 1830 alikuwepo daktari wa Kimarekani, Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo wa nchi yake katika mji wa Campeche, Meksiko. Mtu huyu alikuwa na shauku ya kuhamishia mimea ya nchi za joto Florida. Ndiye aliyetuma miche ya mkonge huko, na ndiye aliyeupa jina la kitaalamu unaloitwa hadi leo, Agave sisalana. Sisal ni jina la bandari ndogo ya Yucatan ambako marobota ya nyuzi yalikuwa yakipakiwa melini. Yaani dunia nzima inauita mmea huu kwa jina la gati. Ni sawasawa na sisi tungeiita karafuu yote “Malindi” kwa sababu ya bandari ya Unguja.

Perrine alihamia na familia yake kisiwa kidogo kusini mwa Florida kiitwacho Indian Key. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa katika vita vya kuwaondoa wenyeji asilia kwenye ardhi yao. Tarehe 7 Agosti 1840 wapiganaji wa wenyeji hao walikivamia kisiwa, na Perrine akauawa. Mkewe na watoto waliokoka kwa kujificha chini ya nyumba, ndani ya maji, mahali palipotumika kufugia kasa. Mikonge yake ikabaki, ikaota ovyo bila mwenyewe, zaidi ya miaka hamsini, hadi ilipofika barua ya Mjerumani wa Afrika Mashariki. Nakuachia mwenyewe msomaji uone jinsi mmea huu ulivyoandamana na vita vya ardhi, huko ulikotoka na huku ulikokuja.

Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilisafiri baharini hadi bandari ya Hamburg, na vilipofunguliwa hapo vilivyo hai vilikuwa 200 tu. Vikapakiwa tena kuja Tanga. Vilivyofika vikiwa na uhai mwaka 1893 vilikuwa 62. Sitini na viwili! Darasa langu moja lina wanafunzi wengi kuliko hao. Vikapandwa Kikogwe, karibu na mdomo wa mto Pangani, ng'ambo ya mji ule ule aliponyongwa Abushiri.

Wengine wanasimulia kwamba Hindorf aliiba mbegu Meksiko na kuzificha ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hadithi hii ni tamu na imeandikwa mahali pengi, na kwa kweli inamfaa mtumishi wa kampuni ya aina ile. Lakini habari ya Florida na Hamburg ina hesabu, ina njia na ina mantiki. Ya mamba ina mamba tu. Sisi tuliosoma elimu ya hadithi tumezoeshwa kuuliza habari imepokewa kutoka kwa nani kabla ya kuipokea kwa utamu wake, na adui naye anastahiki kusemwa kwa ukweli.

Kilichofuata kinaeleweka ukijua tabia ya mkonge. Mmea mmoja hukaa miaka kadhaa ukitoa majani, 200 na zaidi, kisha ukatoa mlingoti mmoja kwenda juu. Kwenye mlingoti huo huota vichipukizi kwa mamia hadi maelfu, na baada ya hapo mmea mama hufa. Mkonge huu kwa kawaida hauzai kwa mbegu. Kila kichipukizi ni nakala ya mama yake. Kwa hiyo mkonge wa kale unaouona Hale au Magunga si mjukuu wa ile ya Kikogwe kwa maana tunayoijua ya mjukuu, bali ni karibu mmea ule ule uliojirudia. Kufikia mwaka 1898 ile 62 ilikuwa imefika 63,000.

Mwaka 1893 huo huo, Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mkonge ukaifuata reli kama kupe anavyomfuata ng'ombe, kwa sababu jani la mkonge ni zito na asilimia 4 hivi tu ndiyo nyuzi, yote mengine ni maji na makapi. Huwezi kulibeba mbali. Ni lazima kiwanda kiwe shambani na reli iwe karibu na kiwanda. Hii ndiyo sababu Korogwe ikawa nchi ya mkonge na Handeni, isiyokuwa na reli, ikabaki kuwa nchi ya mahindi, tena mahindi mengine ya Handeni yakaenda kuwalisha watu wa mashamba hayo.

Hivyo viwanda vya kusindika majani tunaviita korona. Tangu mwaka 2020 neno hili limekuwa la kutisha, na kijana wa Dar es Salaam ukimwambia babu yako alifanya kazi korona miaka ishirini anakutazama kwa mashaka. Asili yake ni mtambo wa kampuni ya Krupp ya Ujerumani ulioitwa Corona. Mtambo umekufa, jina limebaki kinywani mwa wafanyakazi.

Na maneno mengine je? Hapa wa kwetu hawakuwa mikono mitupu. Neno mkonge halikuletwa na Hindorf. Lilikuwepo katika Kiswahili kabla yake, likiwa jina la mmea wa porini wenye majani marefu yaliyosimama, yenye mabaka, ambao watu wa pwani na bara walitoa nyuzi zake kusokotea kamba. Leo jamii ya mmea huo utaiona mjini imepandwa kwenye vyungu barazani kama pambo. Ulipokuja mgeni anayefanana nao kwa kazi, wazee wakampa jina la mwenyeji. Na katani, tunayoitumia kwa nyuzi zenyewe, inatokana na Kiarabu kattan, ambayo maana yake ni kitani, nguo na nyuzi zisizohusiana kabisa na mmea huu wa Meksiko.

Turudi kwa Hindorf. Baada ya Kikogwe hakukaa shambani akisubiri majani. Alijihusisha na makampuni ya Kijerumani ya mashamba na akaandika kuhusu kilimo katika makoloni. Nyuma yake mambo yalikwenda kasi. Amri ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola ya Ujerumani, na aliyeamua kipi kina mwenyewe na kipi hakina alikuwa ni Mjerumani huyo huyo. Mzigua anayelima bonde hili mwaka huu na kuliacha lipumzike miaka mitano aliambiwa kwamba ni pori. Mwaka 1913, mwaka mmoja kabla ya vita kuu, koloni lilisafirisha nje tani 20,000 hivi za mkonge, kutoka mimea sitini na viwili ya miaka ishirini iliyotangulia.

Kisha Ujerumani ikashindwa vitani. Waingereza wakayachukua mashamba kama mali ya adui na kuyauza. Waliyanunua Wagiriki, Wahindi, Waswisi na Waingereza wenyewe. Hindorf alikuwa kwao, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na kazi ya ujana wake ikawatajirisha maadui wa nchi yake. Simwonei huruma sana. Waliopoteza zaidi ni wale ambao mashamba hayo yalikuwa yao kabla hata ya neno shamba kuandikwa kwenye hati.

Na kuna kundi la tatu ambalo kila historia ya mkonge inalitaja kwa aya moja na kuondoka. Wenyeji wa Korogwe na Handeni hawakupenda kibarua cha mkonge. Waliokuwa na njia ya kulima na kuuza chakula walikwepa. Kwa hiyo watu wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Burundi, nyanda za juu kusini, na Wamakonde wa Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwatafuta na kuwasafirisha, ambayo watu waliiita Silabu. Mkataji alikata majani, akayafunga mafungu ya majani 30, na kazi yake ya siku ikaandikwa kwenye kipande. Kipande hakijajaa, mshahara hakuna. Miiba ya ncha ya jani imetoboa macho ya watu, na maji ya mkonge yanawasha ngozi mpaka inatoka malengelenge. Babu mmoja niliyewahi kukaa naye msikitini baada ya swala ya alasiri, ambaye alikuja Korogwe kwa treni akiwa kijana na hakurudi kwao tena, alinionyesha viganja vyake. Sikuhitaji maelezo.

Hao ndio waliozifanya zile 62 kuwa kitu. Elimu ya Hindorf naikubali, tena bila kinyongo. Alisoma, akalinganisha, akaandika barua, akangoja meli mbili, na hakukata tamaa alipofunguliwa sanduku lenye maiti za miche. Lakini barua haikati jani.

Hindorf aliishi sana. Aliona Ujerumani ya Kaisari, akaona vita viwili, akamwona Hitler akija na kuondoka, na akafariki mwaka 1954 akiwa na umri wa miaka 90. Wakati huo Tanganyika ilikuwa ndiyo inayoongoza duniani kwa mkonge, ikiizidi hata Meksiko iliyokataa kuuza mbegu. Mwaka huo huo wa 1954, mwezi Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam.

Hakuiona kilele chenyewe, tani zaidi ya 230,000 mwaka 1964, wala hakuona anguko. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa tani 20,000 hivi, yaani tulirudi pale walipokuwa Wajerumani mwaka 1913. Brazili ikatupita. Watu hubishana kosa lilikuwa la utaifishaji au la plastiki. Mimi naona plastiki ingetubamiza kwa vyovyote, ila utaifishaji ulitukuta hatujajiandaa kuendesha tulichokichukua.

Siku hizi mkonge umepata matumizi ambayo Hindorf asingeyaota. Dari za jipsamu zinazopamba nyumba mpya za Korogwe zina nyuzi za katani ndani yake, ndizo zinazoishika isivunjike. Makapi yaliyokuwa yanatupwa mtoni yamewahi kuzalisha gesi na umeme pale Hale. Na vile vibao vya mchezo wa vishale vinavyotundikwa ukutani katika baa za Uingereza, ambazo wasomaji wa safu hii hawana haja nazo, hutengenezwa kwa nyuzi za mkonge, nyingi zikiwa za Afrika Mashariki.

Serikali nayo imeuweka mkonge katika mazao ya kimkakati na ikajiwekea lengo la tani 120,000 ifikapo mwaka 2025. Magunga, Ngombezi, Mwelya, Magoma na Hale wakulima wadogo wana vyama vyao vya ushirika katika mashamba yaliyokuwa ya makampuni, na wanapeleka majani yao korona kwa zamu. Miongoni mwao wamo wajukuu wa manamba. Wanaijua bei ya singa, wanajua mtambo gani umeharibika wiki hii, na wanauliza habari ya hati za vishamba vyao, swali ambalo hapa Korogwe limekuwa likiulizwa tangu mwaka 1895.

Yule mwanafunzi wa kidato cha pili nilimjibu kwa kumpa hesabu ya kwenda nayo nyumbani: mimea 62, kila mmoja ukitoa vichipukizi 1,000, kwa vizazi viwili tu. Alirudi kesho yake na jibu la milioni 62, na swali jipya la nani aliyeikata yote.